Picha Tatu Zilizogeuzwa

Kalpana alifungua ukumbi wa klabu Jumatano asubuhi kama kawaida yake, akawasha taa, akabandika birika, na alipogeuka kutafuta vikombe akaona kulabu mbili za ukutani hazina kitu. Kwanza alidhani Cormac amepita mapema kulichukua gongo la baba yake. Kisha akaziona picha, na habari ya chai ikamtoka akilini.

Alimpigia Mbarouk kabla ya mtu mwingine yeyote. "Bwana Mbarouk, kuja sasa hivi," alimwambia. "Gongo ya Mzee Breslin imeibiwa, na mtu amefanya vibaya na picha yake." Kalpana alizaliwa Kisumu, akakulia nyuma ya kaunta ya duka la baba yake, na sasa ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi ule wa Kilburn.

Mbarouk Shehe alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa mpelelezi katika polisi ya London, na tangu astaafu alikuwa akizunguka nyumbani akimwonyesha mkewe namna bora ya kupanga vijiko, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Bintiye Sundus alikuwa nahodha wa klabu hiyo, klabu ya hurling. Na tuseme ukweli wote: aliposikia gongo halipo, kitu cha kwanza alichohisi kifuani kilikuwa nafuu. Akaionea haya nafuu ile kabla hajamaliza kufunga vifungo vya koti.

Asiyeujua mchezo wa hurling aelezwe kidogo. Ni mpira wa magongo wa Waairishi, mchezo wa kale mno. Visa vya mashujaa wao wa zamani vimejaa magongo, na sheria zao za zamani ziliweka fidia kwa aliyeumizwa mchezoni. Waingereza nao, karne ya kumi na nne, walitunga sheria kuwakataza walowezi wao kule Ayalandi wasiucheze, na sheria hiyo haikufua dafu. Gongo huchongwa kutoka chini kabisa ya mti uitwao ash, pale shina linapopinda kuingia mzizini, ili nyuzi za mbao zipinde pamoja na kisigino cha gongo lisivunjike. Vibarua waliokuja London kuchimba mahandaki na kujenga barabara waliuleta mchezo wao, na mwaka 1901 timu ya London ikachukua ubingwa wa Ayalandi nzima. Haijawahi tena, lakini Waairishi wa London hawajaacha kulisema jambo hilo.

Gongo la Mzee Fintan Breslin lilikuwa la babu yake. Lilitundikwa ukumbini bila kioo wala kufuli, kwa sababu desturi ya klabu ilikuwa kila mchezaji aliguse anapotoka kwenda mechi. Na mtu wa klabu akifa, nahodha hulibeba gongo lile mbele ya jeneza mpaka kanisani, akaliweka juu ya jeneza kwa mikono yake. Sasa aliyekufa alikuwa Mzee Breslin mwenyewe, kocha wa watoto wa Kilburn kwa miaka arobaini, na maziko yalikuwa Ijumaa. Wa kulibeba alikuwa Sundus. Mzee alimwambia mwenyewe, akiwa kitandani hospitali, kwamba hataki mwingine.

Hapo ndipo palipomchoma Mbarouk. Jumapili iliyopita, kwenye harusi Stratford, wazee wenzake wa Visiwani walimtania: eti binti yako siku hizi ndiye anayeongoza maiti kanisani? Mmoja akauliza kama atavaa na msalaba. Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani akayamwaga yote mbele ya mkewe, Zahra, mpaka chakula kikapoa.

Alifika ukumbini kwa miguu, chini ya mvua nyembamba ya Novemba. Mlango ulikuwa mzima na kufuli haikuguswa. Funguo zilikuwa tatu tu: wa Kalpana, wa Cormac mtoto wa marehemu, na wa Sundus. Kalpana alisema alifunga Jumanne saa nane mchana, baada ya wazee wa chakula cha mchana kuondoka, akafagia na kupiga deki kabla ya kutoka. Kwa hiyo alichokiona Mbarouk sakafuni kilikuwa kimekuja baadaye.

Na alichokiona kilikuwa kidogo. Ndani ya mlango, pembeni, palikuwa na alama mbili za matope makavu, fupi, zimelala sambamba. Kutoka hapo mpaka kwenye kulabu hapakuwa na tope hata chembe. Kiti kimoja kilikuwa kimesogezwa chini ya kulabu, na kitambaa chake cha rangi ya maziwa kilikuwa safi.

"Alivua viatu," alisema Kalpana, naye akaweka mguu wake karibu na alama. Wake ulikuwa mrefu zaidi. "Watu wa hapa hawavui viatu, Bwana Mbarouk. Wanaingia na matope mpaka jikoni, mimi napigana nao kila siku."

Kisha picha. Ukumbi ulikuwa na picha za timu kwenye kuta zote nne. Za kuta tatu zilikuwa sawa. Kwenye ukuta wa nne zilikuwa picha tatu, ya katikati ikiwa ya Mzee Breslin akicheka, na zote tatu zilikuwa zimegeuzwa nyuso ukutani. Meza iliyokaa mbele ya ukuta ule ilikuwa imesukumwa kando, ikaacha nafasi ya zulia kiasi cha mtu mmoja.

Mbarouk alisimama mbele ya nafasi ile kwa muda. Ukuta ule ulikuwa wa upande wa kusini mashariki. Miaka mingi aliyoishi mji huu alikuwa akiutafuta upande huo kila anapoingia chumba kigeni, na mwili wake uliujua kabla ya kichwa. Masikio yakamwaka moto. Hakumwambia Kalpana kitu.

Cormac alipofika hakuangalia kulabu. Aliangalia picha ya baba yake ikiwa imegeuzwa, na uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba gongo ni mbao, mbao ataivumilia, lakini mtu aliyemgeuza baba yake ukutani kabla hajazikwa, huyo anamtaka. Mbarouk alimhoji yeye kwanza, maana alikuwa na ufunguo na alikuwa na sababu. Wiki nzima klabu ilijua kwamba Cormac angependa gongo libebwe na mtu wa damu. Cormac hakukataa. Alisema ndiyo, alitaka, na alimwambia Sundus hivyo usoni, kisha akakubali kwa kuwa ni neno la baba yake. Jumanne mchana alikuwa kwa watu wa mazishi kuchagua jeneza, na dada zake wawili walikuwa naye mpaka jioni. Na buti zake zilikuwa mara mbili ya zile alama.

Mpelelezi mwenye haki angeishia hapo na kwenda nyumbani kwake. Viatu vidogo vilivyovuliwa, ukuta wa kibla, picha zilizogeuzwa zisimkabili mtu, na ufunguo mmoja uliotundikwa siku nzima kwenye msumari wa jikoni kwake wakati Sundus yuko zamu hospitalini. Njia ilikuwa nyeupe. Mbarouk akapita njia nyingine. Alijiambia ni lazima awaondoe kwanza wengine wote, kama alivyofundishwa kazini, na huko kujiambia kulimpa siku nzima ya kukwepa mlango wake mwenyewe.

Klabuni alikuwapo kijana wa Kizanzibari kutoka Tottenham, Hussam, dereva wa gari la mizigo, mchezaji wa kiungo mwenye mbio kuliko wote. Jumatano jioni, timu ilipokusanyika kupanga mambo ya maziko, Mbarouk alimwita mbele ya watu. Angeweza kumpeleka pembeni. Hakumpeleka.

"Jumanne alasiri ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Nagawa mizigo Stratford, mzee. Simu ya kampuni inaonyesha kila nyumba niliyosimama."

"Wewe huwa unasali humu ukumbini."

"Nasali chumba cha kubadilishia nguo, kwa sababu hakina picha. Kila mtu hapa anajua, Mzee Breslin ndiye aliyenipa kile chumba. Kwani mzee unaniuliza mimi kwa kuwa nasali?"

Mbarouk akasema Sundus humwazima ufunguo mara nyingine. Hussam akakiri. Mara nyingine, ndiyo.

"Lakini Jumanne Sundus alikuwa kazini," alisema, "na ufunguo wake mnautundika jikoni kwenu. Ningekuja kuuchukua, si mngeniona? Jee, mliniona?"

Hakuna aliyekielewa Kiswahili kile ila watu wachache, lakini wote waliliona jambo lenyewe: polisi mzee anamhoji kijana, na kijana ni wa kwao huyo polisi. Hilo likawatosha. Walipokuwa wakitoka, watu wawili waliokuwa wamezoea kumpa Hussam lifti mpaka kituo cha treni waligundua kwamba magari yao yamejaa. Sundus alimpita baba yake bila kusema, akamfuata Hussam nje kwenye mvua. Mbarouk akabaki na alama fupi za matope ambazo Kalpana hakuwa amezifuta, na kando yake zilikuwa zimepita buti za Hussam, kubwa kama mitumbwi. Alikuwa amejua tangu asubuhi kwamba zile fupi si za Hussam.

Hakulala vizuri, na alistahili.

Alhamisi baada ya adhuhuri alimkuta Zahra jikoni akikanda unga wa chapati. Sundus alikuwa amekwenda zamu ndefu, naye angetoka huko moja kwa moja kwenda mazikoni. Ufunguo ulikuwa msumarini. Mbarouk alivuta kiti akakaa, akaangalia viatu vya mkewe mlangoni, vimepangwa sambamba, vidogo, na pembeni mwa soli tope la kijivu limekauka.

"Zahra," alisema, "alasiri ya juzi uliisali wapi?"

Mikono ikaendelea kukanda. "Unajua nilipoisali."

"Nataka unambie wewe."

Zahra akaufunika unga kwa kitambaa, akanawa, akakaa mbele yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyefanya kazi ya kutunza wazee miaka kumi na minane, akiwaosha Waingereza waliosahau majina yao, na hakuwa na desturi ya kudanganya. Alisema alitoka nyumbani saa tisa na nusu. Ukumbi ulikuwa mtupu kama alivyotarajia. Alipolishusha gongo, akaona nje giza linaanza kujikusanya, na siku hizi za Novemba alasiri na magharibi zinakimbizana. Akahofia sala itampita akiwa barabarani.

"Ukasali mlemle unamoiba," alisema Mbarouk.

"Nikasali mlemle. Picha zilikuwa zinanikabili, nikazigeuza. Nilitaka kuzirudisha nikimaliza. Kisha nikasikia gari nje, nikaogopa, nikavaa viatu nikatoka." Akaangalia mikono yake. "Na yule mzee, Mbarouk, kama ningemgeuza tena anitazame huku nimelishika gongo lake, sijui. Nilimwonea haya. Alikuwa akinipa chai kila Jumamosi wakati Sundus mdogo."

Gongo lilikuwa chumbani, limeviringishwa ndani ya mkeka wa Pemba nyuma ya kabati. Mbarouk alilifungua. Lilikuwa zima, zito, jeusi kwa mikono ya watu wa miaka mia moja, na bati la zamani limekaza kisigino chake.

"Kwa nini, Zahra?"

Hapo ndipo alipokasirika kwa mara ya kwanza. "Waniuliza mie kwa nini? Jumapili ulikaa kwenye kiti hicho. Ukasema laiti lile gongo lingepotea, Sundus angepata njia ya kutoka kwa heshima na sisi tungeinua uso mbele za watu. Ulisema mara mbili. Ulisema huwezi tena kwenda Stratford. Mie nimeishi nawe miaka thelathini na nne, ukitamani kitu husemi nataka, unasema laiti, na kila mara mie nakufanyia. Nikakufanyia."

Mbarouk aliyakumbuka neno kwa neno. Aibu iliyompata haikuwa ile ya Stratford, ya watu kucheka na harusi kuendelea. Alikuwa amemtuma mkewe kuiba bila kuinuka kitini, kisha akamwendea Hussam.

Zahra akasema lirudishwe kimya kimya. Ufunguo upo. Waseme limekutwa mlangoni, watu watazika, mambo yatapita. Na Mbarouk, tusimpake rangi asiyokuwa nayo, alilifikiria hilo mpaka chai yake ikapoa. Lingewezekana. Sundus angelibeba, wazee wa Stratford wangepiga domo mwezi mmoja wakachoka, na jina la Zahra lingebaki safi. Lililobaki lilikuwa jina la Hussam, nalo lingebaki vilevile alivyoliacha yeye, lina doa lisilo na kesi. Siku za kazi yake alikuwa amewaona vijana wengi wakitembea na doa la namna hiyo.

"Kesho tutakwenda wote wawili," alisema.

Zahra alilia kidogo, kisha akaenda kusugua viatu vyake.

Ijumaa saa tatu asubuhi timu ilikuwa ukumbini imevaa jezi juu ya nguo za maziko. Jeneza lilikuwa garini nje. Sundus alikuwa amefika kutoka zamu, macho mekundu, amejifunga mtandio mweusi. Hussam alikuwa amesimama mbali na wenzake, karibu na mlango wa chumba chake cha kubadilishia nguo. Mbarouk aliingia na mkeka kwapani, na Zahra nyuma yake. Wote wawili walivua viatu mlangoni bila kufikiri, na Kalpana, aliyekuwa ameshika vikombe, akaviangalia viatu vya Zahra, akavitua vikombe mezani polepole.

Mbarouk aliufungua mkeka juu ya meza. Mtu mmoja akashusha pumzi. Cormac akauliza kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti, lilikuwa wapi.

Mbarouk alimjibu kwa Kiingereza cha polisi, wazi, jambo baada ya jambo, kama alivyokuwa akisoma ripoti mahakamani. Alisema gongo lilikuwa nyumbani kwake. Alieleza ufunguo wa jikoni, viatu, meza iliyosukumwa na ukuta wa kibla. Alisema picha hazikugeuzwa kwa dharau bali kwa ajili ya sala. Alisema aliyelichukua ni mkewe, na kwamba mkewe alitimiza tamaa ya mumewe, ambaye alijali watu wa harusini watasema nini kuliko alivyomjali marehemu. Kisha akasema lililokuwa gumu zaidi: kwamba Jumatano alasubuhi alikwishaona hayo yote kwa macho yake, na jioni yake akamsimamisha Hussam mbele ya watu akijua si yeye.

Halafu akamgeukia Hussam, akarudi kwenye Kiswahili. "Nimekukosea, mwanangu. Nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu."

Hussam alitazama sakafu. Hakusema amesamehe. Aliinamisha kichwa mara moja tu, namna ya mtu aliyesikia.

Zahra alikwenda mpaka kwenye ile picha ya katikati, ambayo Cormac alikuwa amekwishaigeuza itazame ukumbi. Akasimama mbele ya Cormac badala ya mbele ya picha, akasema kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba anaomba msamaha, kwamba baba yake alikuwa mtu mwema kwake, na kwamba hakuweza kumtazama. Cormac alisema tu kwamba yeye mwenyewe wiki hii hakuweza kumtazama pia, kwa jinsi alivyobishana naye akiwa mgonjwa kitandani juu ya nani abebe mbao. Akalichukua gongo mezani, akampelekea Sundus.

Sundus hakunyosha mkono.

Watu walidhani hajaona. Alikuwa anamtazama mama yake, kisha baba yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa akiwa kazini.

"Mlinionea haya," alisema, kwa Kiswahili ambacho kwa kawaida hukisikia tu na kukijibu kwa Kiingereza. "Mimi. Si gongo."

Akawageukia wachezaji, akarudi kwenye Kiingereza. Alisema kanuni wote wanaijua, ya zamani na ya leo: aliyechezewa rafu ndiye anayepewa mpira. Na nahodha anaruhusiwa kuchagua wa kulibeba gongo. Alilichukua gongo kwa Cormac, akavuka ukumbi, akalitia mikononi mwa Hussam. Hussam alitaka kukataa. Sundus akaikunja mikono kifuani, akasimama mpaka Hussam akaacha kukataa.

Kwa hiyo aliyeingia kanisani mbele ya jeneza la Mzee Fintan Breslin, amebeba gongo la babu wa marehemu kwa mikono miwili, alikuwa dereva wa Tottenham, na nyuma yake Cormac na dada zake. Mbarouk na Zahra walikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Watu walipopita hawakuwatazama vibaya. Mmoja au wawili waliwapa mkono, na hilo lilikuwa gumu kulipokea kuliko matusi.

Walikuwa wamepata walichokitaka. Hakuna mtu Stratford atakayesema kwamba binti ya Mbarouk alimwongoza maiti kanisani. Sundus alikuwa amekaa kando ya njia ya katikati, mabenchi matatu mbele yao, miongoni mwa timu yake. Gongo lilipopita karibu yake, wenzake wote walilinyoshea mkono wakaligusa, kama wanavyofanya wanapokwenda mechi. Yeye mikono yake ilibaki mapajani, mitupu, na baba yake hakuweza kuacha kuitazama.